Mafundo ya Nyumba ya Alkmene

Siku ya saba ya uchungu wa Alkmene, hakukuwa na fundo lililobaki katika nyumba ile ya mjini Thebe. Mbuzi walifunguliwa kamba, wakamaliza kabichi zote. Masanduku yaliachwa wazi. Wanaume walitembea wameshikilia nguo kwa mikono, kwa kuwa mikanda nayo ilifunguliwa, maana kilichofungwa nyumbani humfunga na mzazi.

Mtoto hakutoka.

"Nakufa, Galanthi," Alkmene alimwambia mtumishi wake.

"Hufi, Mama. Ukifa nani atanigombeza?"

Galanthi, msichana wa nywele nyekundu asiyejua kutembea ila kukimbia, alitoka nje akilia. Hapo mlangoni alikuwapo bikizee ambaye hakualikwa na mtu, amekaa siku zote saba, mguu juu ya mguu, vidole vya mkono huu vimefumana na vya mkono ule. Fundo zima la mtu!

Damu ikamchemka. Watu walisema mimba ile ni ya Zeus, mfalme wa miungu, na mkewe Hera hakuwa mwanamke wa kunyamazia jambo. Kumbe kamtuma mungu wa uzazi mwenyewe aje kufunga njia!

Kumbembeleza kusingefaa. Galanthi akafuta machozi, akapiga kigelegele.

"Bibi, tupe hongera! Mtoto wa kiume! Kajifungua sasa hivi!"

"Haiwezekani!" Bikizee akaruka, vidole vikaachana. Ndani, mtoto akalia kweli.

Galanthi alicheka mpaka akakaa chini. "Siku saba, Bibi, na uongo mmoja tu!"

Bikizee akamkamata nywele, anatweta kwa hasira. "Mbio zako, baki nazo. Na nywele zako hizi, baki nazo." Akamsukuma, akaenda zake.

Adhabu gani hiyo! Galanthi akakimbilia ndani, mwepesi kwa furaha, akipenya katikati ya miguu ya majirani. Wakapiga mayowe. Alidhani ni shangwe za mtoto, mpaka ufagio ulipomkosa kidogo. Akarukia kitandani kwa Alkmene.

"Msimpige!" alisema Alkmene, amemkumbatia mwanawe. "Nyumba hii ina panya, kicheche atatufaa. Ila niitieni Galanthi wangu. Mtoto huyu simpi mtu mwingine kabla yake."