Wa Tatu na wa Saba

Kishindo alisoma maoni ya watu mia mbili kabla ya chai ya asubuhi, na nyimbo zenyewe hakuwa amesikia hata moja. Asingeweza. Miaka kumi na sita ya kukaa nyuma ya dramu ilimla masikio yote mawili, na sasa alikuwa fundi makochi, kazi isiyomdai mtu kusikia chochote.

Nyimbo zilikuwa tisa. Bendi yao ya roki ilizirekodi mwaka wake wa mwisho, zikaachwa hivyo hivyo, bila majina, bila maneno, mwimbaji akiguna tu mahali ambapo maneno yangekaa. Kila wimbo ulikuwa na kanda yake. Mwimbaji alikuwa na mwiko wa kutoandika kitu juu ya kanda ya wimbo usiokamilika; alizipanga ndani ya kopo la biskuti kadiri zilivyorekodiwa, ya kwanza chini kabisa, mpya juu ya ya zamani, na wenzake walijua ipi ni ipi kwa kuhesabu. Wa tatu ulikuwa wa Kishindo, wimbo pekee aliowahi kutunga maishani. Kwa kutowaamini watu, mgongo wa kanda yake aliukwaruza mistari miwili kwa msumari.

"Huu hautoki," mwimbaji alimwambia mbele ya wenzao. "Mimi nikiwa hai, hautatoka humu chumbani."

Basi bendi ikafia hapo. Kishindo alibeba dramu zake akaondoka, na mwimbaji alipofariki miaka ishirini baadaye, hakwenda hata kumzika. Sasa kampuni moja ilikuwa imezitoa zote tisa mtandaoni, kwa namba tu, na mashabiki ndio waliokuwa masikio yake.

Na mashabiki walikuwa wamepagawa na wa tatu. "Wa tatu umenikalisha kitako, sijainuka mpaka sasa." "Yaani miaka yote hii walituficha wa tatu?" Mmoja aliandika kwamba aliusikiliza hospitalini, kando ya kitanda cha mama yake, mara kumi na moja. Kishindo aliyanakili hayo yote kwenye daftari lake la vipimo vya makochi, akalia kwa raha na kwa hasira, vyote kwa pamoja.

Wa saba, maskini, ulikuwa unachinjwa. Huo ulikuwa wa mwimbaji mwenyewe, alioupenda kuliko wote. "Huyu mpiga dramu anahama nyumba, au?" mtu aliuliza, na wengine wakacheka naye. Kishindo hakuudhika. Mwimbaji alikuwa na tabia ya kumlazimisha apige kwa nguvu, sasa ayaone. Akajisajili kwa jina la Sikio Zima, akatia na maoni yake: "Aliyetunga wa saba alihitaji rafiki mmoja tu wa kumwambia ukweli, akamkosa."

Kufikia adhuhuri, watu mia tatu walikuwa wameyapenda maneno hayo. Kila mtu alipoyapenda, simu yake ilitetema kidogo mfukoni.

Alasiri akaenda kwa mjane wa mwimbaji. Mama wa watu alimfungulia bila kinyongo, akamkaribisha mezani, akaleta karatasi na kalamu, maana bila hivyo wasingeelewana.

"Shemeji, sikuja kugombana," Kishindo alisema, kwa sauti iliyovuka ukuta hadi kwa majirani. "Kampuni imeandika kwamba nyimbo zote zimetungwa na bendi. Mimi nataka majina. Wa tatu wangu, wa saba wa marehemu. Kila mtu abebe mzigo wake. Wewe ndiye uliyewatilia sahihi wazitoe, waandikie."

Mjane akaandika: "Waache waseme bendi. Inatosha, shemeji."

"Inakutosha wewe. Mimi alinifungia ndani ya kopo miaka ishirini."

Mjane akaandika tena: "Alikataa kwa sababu alikupenda. Hakutaka watu wakucheke."

Kishindo akacheka kwa uchungu. Akamsukumia daftari la makochi. "Soma hapo. Hawa hawanijui, hawanipendi, na wanalia."

Mjane akasoma, ukurasa baada ya ukurasa. Alipofika kwa yule wa hospitalini, machozi yakamtoka, na Kishindo, Mungu amsamehe, akaona raha kumwona mtu wa nyumba ile akiulilia wimbo wake. Alikuwa ameisubiri siku hiyo muda mrefu kuliko alivyokaa kwenye ndoa yake.

"Haya, waandikie," alisema, sauti imelegea kidogo.

Mjane hakuandika. Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na kopo la biskuti. Watu wa kampuni walikuwa wamezinakili kanda hapo hapo mezani, moja baada ya moja, na kuzirudisha kama walivyozikuta. Akalifungua, kisha akavuta karatasi na kuandika: "Hivi ndivyo walivyozihesabu."

Akachukua kanda ya juu kabisa, akaiweka mbele ya Kishindo na kuinua kidole kimoja. Akachukua iliyofuata, vidole viwili. Ya tatu aliigeuza ili auone mgongo wake. Ulikuwa laini.

Kishindo alifungua mdomo amwambie anaanzia juu badala ya chini, halafu akaufunga.

Ya nne. Ya tano. Ya sita. Kwenye ya saba mkono wa mjane ulisita, kisha ukaigeuza taratibu, na mistari miwili ya msumari ilikuwa pale pale alipoikwaruza.

Mfukoni, simu ilitetema.