Mama, Usifunge Mulango

Kila mara gangster alipokufa, salle yote ilisimama.

Déogratias hakuelewa hata kidogo. Miezi mbili ilikuwa imepita tangu ashuke kutoka Fizi-Centre na kununua hii salle ya vidéo ya Baraka: télé, baffle ya sauti, mabenchi na CD zote. Kila siku ya soko, saa tisa ya muchana, bantu balimuomba ileile filme ya zamani. Gangster wa koti nyeusi anapigwa risasi saba, anafunga kifungo, anawasha sigara, ndio anaanguka. Na bantu ba Baraka, benye majambazi ya kweli banabavulaka nguo na mali mu barabara, banatosha kofia na kusimama sawa mu misa!

"Munaheshimia mwizi?" aliuliza Déo.

"Mi napenda za sasa," Patrice, fundi wa pikipiki, alijibu. "Gari inaruka juu ya nyumba. Lakini hii, Papa Déo..."

Aliangalia benchi ya mbele.

Pale alikaa Mama Marthe, muuzishaji wa samaki ndogo za ndakala, macho amefunga.

"Mama, unalipa ili ukuje kulala?" Déo alimutania.

"Gangster wa sasa anakufa mbio sawa kuku ya Noël, mwanangu. Huyu wa zamani anapata hata nafasi ya kuita mamake."

Ilikuwa kweli, na ilimuchekesha Déo sana. Mu ile CD, kijana mumoja mutafsiri alikuwa anasemea bazungu bote kwa Swahili ya palepale Baraka, hata bibi ya gangster. Mbele ya kufa, Mwamerika muzima alisema: "Mama, usifunge mulango. Nakuya."

Na Mama Marthe, polepole: "Sifungi."

Lakini CD ilikuwa imezeeka. Picha ilikatika, ilitetemeka, sura ya gangster iligeuka viraka. Déo, mwenye roho nzuri, alitaka kumufurahisha yule mama. Akaagiza filme ileile kule Uvira, mupya, picha safi. Ile ya zamani akamupa muke wake Solange, mwenye kulima mupunga kule Swima. Solange aliivunja vipande bine, akavitundika na kamba ku pembe ine za shamba, vimulike na kufukuza ndege.

Siku ya soko ikafika. Déo alipanguza benchi ya mbele na mukono yake mwenyewe.

"Leo ni bure, Mama. Fungua macho!"

Picha iling'aa sawa maji ya ziwa. Koti nyeusi. Risasi saba. Kifungo. Sigara. Gangster akafungua kinywa, akasema kitu kwa Kingereza, sauti nzito ya muzungu, akaanguka.

Hakuna mwenye alisimama.

Mama Marthe alifungua macho. Alingojea. Filme iliisha, yeye alikuwa angali anangojea.

"Sauti iko wapi?"

"Ile ya makelele? Niliitosha, Mama! Hii ni ya kweli."

Mu benchi ya nyuma, Patrice akavua kofia.

"Mutoto wangu Vainqueur, majambazi balimuulia ku barabara ya Fizi," Mama Marthe alisema. "Hata mwili hatukuona. Alitafsiria bantu hii filme moja tu." Akamushika Déo mukono, bila kasirani. "Umemuweka wapi, mwanangu?"