Kikofia cha Elfu Tano

"Humu mna dola elfu tano!" Delbert, mume wangu, aliwaringia wageni, akipindua kikofia wasome kibandiko.

Kikofia chenyewe hakimtoshi hata panya. Ni noti chakavu zilizosagwa na serikali, zikafinyangwa, zikauzwa kwa watalii wa Washington enzi za babu zetu.

"Basi kanunue mkate nacho," nikasema.

Wageni wakacheka. Delbert akanitazama kama mjakazi wake. "Huyu hajui thamani ya vitu."

Shavu langu lilikuwa limevimba. Pesa za kung'oa jino langu ndizo alizonunulia takataka hizo.

"Kakipanguse vumbi, mpenzi. Kwa kitambaa kikavu! Kikigusa maji kinageuka uji."

"Kwa jino hili, uji ndio ninaouweza," nikamjibu kutoka jikoni, kikofia mkononi, nikafungua bomba.