Kichaka Kipya cha Fisi

Zamani hizo Fisi alijiona fundi wa kila kitu. Alikata matawi, akajijengea kibanda kando ya uwanja walikokula kanga, akajikunyata ndani, tumbo likimuuma kwa njaa.

Jirani yake Mondo, paka mwenye masikio makubwa, aliketi tu kwenye nyasi kavu za rangi ya ngozi yake.

"Dada, utaonekana!" Fisi akamnong'oneza. "Njoo kibandani."

"Ahsante, kaka. Hapa pananitosha." Mondo akayafumba macho yake yanayong'aa, akabaki akisikiliza. Nzi akatua puani pake, naye hakutikisika.

Kanga wakaja. Bibi Kanga, aliyekijua kila kichaka cha pale, akasimama ghafla. "Wanangu, kile jana hakikuwepo. Tusikisogelee!"

Wakakihepa kibanda, wakapitia nyasini. Mondo akaruka mara moja tu, akatua na kanga mdomoni.

Fisi akatoka, majani yamemnasa kichwani. "Dada! Ulijifichaje wasikuone?"

"Sikujificha," Mondo akasema, akimmegea paja. "Nilitulia."

Tangu siku ile Fisi hujifunza kutulia. Kila akikaribia kuweza, humponyoka kicheko.