Ndugu wa Dhamana

Zama wanyama walipokuwa na mahakama yao, Nungunungu alikamatwa kwa kuchimba mihogo ya Ngiri.

"Nani atakudhamini?" akauliza Hakimu Nyati. "Awe ndugu au jirani."

Nungunungu akageuka nyuma. Mabenchi yalikuwa matupu. Kwa miiba ile, nani angemkaribia? Akarudishwa rumande.

Kesho yake akaja Mbega, ambaye riziki yake ilikuwa kuwadhamini wasio na mtu, kwa malipo; kwa huyu alidai mwiba mmoja. Akasimama mbele ya hakimu, akasema bila kupepesa macho, "Huyu ni ndugu yangu. Namjua. Asipofika siku ya kesi, nikamateni mimi."

Nungunungu akageuka kumtazama. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo.

Nje ya lango akasema, "Twende kwangu basi, ndugu yangu, tukale."

Mbega akaangua kicheko. "Ala! Bwana wee, udugu wangu unaishia hapa langoni."

Nungunungu akarudi shimoni kwake, akala peke yake. Kisha akang'oa mwiba mwingine wa kumlipa Mbega, akaenda shambani kwa Ngiri, akachimba kwa kishindo ili akamatwe.