Nungunungu na Ngoma ya Kigogota

Nungunungu alikuwa na watoto watatu, na wote walipenda ngoma ya Kigogota, ndege aliyegonga gogo kavu kwa mdomo wake kila jioni.

"Hizo ni kelele," alisema Nungunungu. "Enzi zetu tulimsikiliza Njiwa. Njiwa alikuwa na maneno ya maana."

"Lakini baba, Njiwa ana neno moja tu," akajibu kitinda mimba wake.

Jioni moja watoto walichelewa kurudi. "Nenda kawaite," mkewe akamwambia, "mihogo inapoa."

"Nitawaleta, na huyo Kigogota leo atanitambua."

Alikuta wanyama wamejaa wakicheza. Akapenya hadi mbele, akatikisa miiba yake kwa hasira, cha-cha, cha-cha. Kigogota akadhani amepata mpiga kayamba, akaongeza kasi. Nungunungu akakasirika zaidi, na miiba ikalia zaidi. Umati ukashangilia.

"Usiache, mzee," Kanga akamwomba. "Tulikuwa tunakukosa wewe tu."

Nungunungu akaitafuta hasira yake asiione. Miiba iliendelea kulia, na sasa kiuno nacho kilikuwa kinazunguka.

Watoto wake wakamsogelea, macho chini. "Baba, twende nyumbani. Wenzetu wanakuangalia."

"Tangulieni," akasema Nungunungu. "Mwambieni mama yenu nakuja."

Siku hizi watoto wale hula chakula kikiwa bado cha moto. Kisha mama yao huwatuma gogoni: "Kamwiteni baba yenu, mihogo inapoa."