Marehemu Aliyejikuna

"Marehemu alijikuna!" nilisema kwa kicheko, nikimwekea mume wangu, Bura, sahani ya chapati. "Kanywa uji wa sumu, kaanguka, watu wanamlilia, halafu anajikuna goti!"

Jana yake gari la sinema lilikuja kutoka Katesh hadi kambini kwetu, kwenye shamba la ngano la serikali ambako Bura aliendesha kombaini, mashine ya kuvunia. Watu walizomea ile picha mpaka ikazimwa.

Bura hakucheka.

"Ndiyo maana mimi natafiti kwanza, Baba Efrazia." Tangu nimalize masomo ya jioni nilikuwa naandika hadithi ya upelelezi. "Nimemuuliza bwana stoo ile dawa nyekundu ya mbegu inaua mtu kwa muda gani."

"Ameniambia. Amewaambia na madereva wenzangu. Umeuliza pia kama ladha yake inajificha kwenye chapati."

"Ni ya kitabu, jamani!"

"Na humo kitabuni anakufa nani?"

"Dereva wa kombaini."

Kwetu mwenye nyumba huionja pombe kwanza mbele ya mgeni, kuonyesha haina sumu. Chapati hakuna anayeionja. Bura aliisukuma sahani taratibu mpaka ikagusa magoti yangu.

"Anza wewe, mama."

Nilicheka tena, peke yangu. Mvuke ulikuwa bado unapanda. Mkono wangu haukujua uende wapi.

Efrazia, mwanetu mdogo aliyekaa mapajani pangu, alinyoosha mkono akanyakua kipande. Bura alimdaka kiganja, akaanza kukifumbua, kidole kimoja kimoja.